Mikebe Miwili kwenye Kituo cha Mafuta

Marlow Springs, Alabama
Jumatatu, 15 Oktoba 1973

Mdogo wangu Hosea,

Hujambo wewe na Lorene na hao wanao warefu? Mimi mzima, isipokuwa goti. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Jumamosi tumefungwa tena. Mara ya tatu mfululizo, na safari hii kwenye uwanja wetu wenyewe wa Chuo cha Pettibone, hatua chache tu kutoka kaburi la marehemu mume wangu, aliyeomba azikwe karibu na uwanja ili asikose bendi. Ishirini kwa ishirini na moja. Na tulikuwa tunaongoza ishirini kwa saba, Hosea! Robo ya mwisho wakafikisha kumi na nne, kisha, mvua inamwagika, yule mjukuu wa Shemasi Ruffin akapewa mpira akimbie nao mkononi. Badala ya kuukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai, akaushika kama chungwa la kununua njiani. Ukamponyoka. Wakauokota, wakakimbia nao mpaka ng'ambo ya mstari, basi. Na huyo Kocha Gaines wenu amesimama pembeni, mikono kifuani, kama mtu anayengoja basi. Hakutupa kofia. Hakumfokea mtu. Kocha wa enzi zako angeitafuna ile kofia.

Lakini si hilo lililonikalisha niandike. Jana nilikwenda mazishi ya binamu Arvella. Wakati wa kurudi, mwanangu Curtis akasimama kujaza mafuta kwenye kile kituo cha mpakani mwa wilaya. Nikatazama dirishani. Nani namwona? Kocha Gaines. Yuko na nani? Kocha wa Dunmore! Dunmore ambao tunacheza nao Jumamosi hii! Gaines akatoa garini kitu kilichofungwa ndani ya gunia la chakula cha kuku, akakifunua. Mikebe miwili ya bati, bapa kama sahani. Akampa. Yule naye akampa yake miwili. Wakapeana mikono, wakacheka. Wakacheka, Hosea, siku moja baada ya sisi kulia.

Nikamwambia Curtis, "Umeona?" Akasema, "Mama, naona pampu." Ndiyo akili niliyomzaa nayo.

Ametuuza yule. Sijui ndani ya mikebe mna nini, lakini mtu hafichi kitu kwenye gunia la kuku kama ni cha halali. Wewe ulicheza, wewe unajua mambo ya ndani. Niambie nifanye nini. Sipigi simu kwa sababu laini bado tunachangia nyumba nne, na Vergie Tubbs huinua mkono wa simu hata kabla haijalia.

Nimefunga mdomo mpaka nipate jibu lako.

Dada yako,
Ozella

*

Detroit
Alhamisi, 18 Oktoba 1973

Dada Ozella,

Barua yako imefika leo, na leo hii hii naijibu, nimekaa juu ya kreti kiwandani, mapumziko ya chakula. Tafadhali, kwa jina la mama yetu, endelea kufunga huo mdomo.

Zile ni filamu.

Kila mechi inapigwa picha, dada. Kuna mtu anapanda juu ya paa na kamera. Kisha kila Jumapili kocha anakutana katikati ya njia na kocha wa timu atakayocheza nayo, wanabadilishana: nipe mechi zako mbili, nikupe zangu mbili. Makocha wote hufanya hivyo, weupe kwa weusi, wakubwa kwa wadogo. Ni ada yao. Mwaka wangu wa mwisho mimi mwenyewe nilimsindikiza kocha wetu, nikapakata mikebe mapajani kama mtoto mchanga. Na gunia ni kwa sababu bati likipata jua filamu inaharibika.

Hajamuuza mtu. Alikuwa kazini. Siku ya Bwana, siku moja tu baada ya kufungwa kwa pointi moja, alikuwa kazini.

Sasa, kama hafai ni jambo jingine. Hapa kiwandani tuko wanne tuliosoma Pettibone na tumegawanyika vibaya kuliko kanisa. Big Amos anasema, "Kocha asiyepiga kelele hana uchungu." Nikamwambia, "Mkeo anapiga kelele tangu mwaka wa arobaini na sita, umebadilika?" Nusura tupigane na sandwichi mkononi. Lakini hata Amos hakusema mwizi.

Wewe hukukaa darasa la chuo hata siku moja, na bado mji mzima ukisema neno wanalishika. Ndiyo maana naogopa. Usiseme neno.

Nduguyo,
Hosea

*

Marlow Springs
Jumapili, 21 Oktoba 1973

Hosea,

Umekufa? Nimetazama sanduku la barua mpaka tarishi ananikwepa.

Dunmore wametupiga thelathini na nne kwa saba. Kila tulichokifanya walikuwa wanakijua. Mrushaji wetu wa mpira akigeuka kushoto, wako kushoto wanamngoja na tabasamu. Nami nilikuwa nimeshasema kabla ya mechi. Niliahidi kufunga mdomo, na niliufunga kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano, ambazo kwangu ni siku nyingi.

Jumatano ilikuwa mkutano wa Chama cha Wapenzi wa Timu, kule chini ya kanisa. Wanaume wanabishana kuhusu Gaines. Huyu anasema, "Amechoka." Yule anasema, "Hajali, ana kazi nyingine anaitafuta." Shemasi Ruffin, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na mjukuu wake ndiye aliyeangusha mpira, alitaka sana iwe kosa la kocha. Nikasimama. Nikawaambia nilichoona, mikebe, gunia, kicheko. Sikuongeza hata chumvi. Wote wakanigeukia, Hosea, na viti vyao.

Jumamosi Dunmore wakanithibitishia.

Leo alfajiri, kama ilivyo ada yetu kocha akituaibisha, watu wamekwenda kusimika mbao za NYUMBA INAUZWA kwenye majani ya mbele ya nyumba yake. Nimehesabu tisa. Mmoja nimeupigilia mimi, kwa nyundo ya marehemu. Chama kitapiga kura Jumapili ya tarehe nne Novemba. Mkuu wa chuo amesema watakaloamua ndilo atakalofuata. Nyumba ni ya chuo, kwa hiyo akiondolewa, atahama kabla ya Krismasi na mkewe na watoto wanne.

Sijisikii vibaya. Nakuambia tu kwamba sijisikii vibaya.

Andika basi.

Ozella

*

Marlow Springs
Jumanne, 23 Oktoba 1973

Hosea,

Barua yako imefika jana saa tano. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Filamu.

Nilivaa kofia ya kanisani nikaenda kwa Shemasi Ruffin moja kwa moja. Nikamwambia, "Shemasi, nimekosea. Ni filamu, makocha hubadilishana." Akaendelea kumenya karanga. Akasema, "Dada Ozella, sasa hivi watu wana njaa ya kichwa cha kocha. Wewe umewawekea mezani, sasa unataka kuondoa sahani?" Nikasema, "Sahani yenyewe haina kitu!" Akasema, "Njoo useme siku ya kura, kama watakusikiliza. Ila wataambiana umezeeka." Karibu nimpige kwa mkoba.

Nikatoka hapo mpaka nyumbani kwa kocha. Mchana kweupe, kila mtu anaona. Nikaushika ubao wangu nikautikisa. Hautoki. Nilikuwa nimeupigilia vizuri mno, unajua mimi sifanyi kazi nusu. Navuta, nahema, mara mlango unafunguliwa. Earline, mkewe. Mwembamba, aproni ina unga.

Akasema, "Bi Ozella, umekuja kununua?"

Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kung'oa."

Akanitazama nikivuta. Hakunisaidia, na mimi ningekuwa yeye nisingesaidia. Ulipotoka nikaanguka kitako. Akasema, "Bado nane." Basi nikang'oa nane, Hosea, na goti hili. Nilipofika wa saba akaleta maji.

Nikamuuliza, "Kwa nini mumeo hasemi? Angesema neno moja tu, ni filamu."

Akasema, "Kuna aliyemuuliza?"

Kocha mwenyewe hakuwepo, yuko mazoezini. Niliogopa kumngoja. Mimi, Ozella Tarver, niliyemfukuza mamba kwa ufagio, nimeogopa mtu asiyepiga kelele.

Nisaidie. Watoto wale wanne nimewaona dirishani wamepangana kama vikombe. Nikiwaza kwamba watapakia magodoro wiki ya Krismasi kwa ajili ya ulimi wangu, chakula hakipiti.

Dada yako mjinga,
Ozella

*

Detroit
Jumamosi, 27 Oktoba 1973

Dada yangu,

Wewe si mjinga. Una haraka tu, na una sauti. Mjinga asingeng'oa ule wa tisa.

Ningekuja, lakini msimamizi wangu hatoi ruhusa mpaka Sikukuu ya Shukrani. Kwa hiyo sikiliza. Usiende kwenye kura na maneno, maneno ndiyo yaliyoharibu. Nenda kwa kocha, mwombe alete ile filamu. Sio ya Dunmore. Ya mechi ya mvua, ishirini kwa ishirini na moja. Ana mashine ya kuionyesha, kila kocha anayo. Tundikeni shuka ukutani, mtazame wote. Watu wakishaona hiyo mikebe ina nini, hakuna wa kusema biashara ya siri.

Nami nikuungamie. Nilijifanya shujaa mbele ya Amos, lakini hata mimi nimekuwa nikimshuku Gaines. Si wizi. Nilidhani moyo haupo. Sisi tulizoea kocha wa kututukania mama. Nikasema, huyu mpole anangoja mshahara tu. Juzi Amos akaniuliza, "Umewahi kumwona akifanya kazi, au unamwona Jumamosi tu?" Na Amos ndiye mpinzani wake! Nikaikata sandwichi yangu nikampa nusu.

Huenda tunafungwa kwa sababu Dunmore wana vijana wakubwa kuliko wetu. Umewahi kufikiria hilo? Mimi sikutaka kulifikiria.

Nenda kwake ukiwa umebeba chakula. Usiende mikono mitupu na kiburi kimejaa.

Hosea

*

Marlow Springs
Jumatatu, 5 Novemba 1973

Hosea wangu,

Nikuambie kwa mpango au nitaruka.

Jumatano nilikwenda kwa kocha na pai mbili za viazi vitamu. Alinifungulia mwenyewe. Nikaanza hotuba niliyoipanga, nikasahau yote, nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Najua, Bi Ozella. Niliuona ubao wako. Ndio pekee uliosimama wima." Uso mkavu kabisa. Hosea, yule mtu ana utani! Miaka minne tunamwita gogo.

Nikamwomba filamu. Akafikiri. Akasema, "Ile ya mvua? Una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Nisingekuwa nao kama ningejua.

Jana baada ya ibada tukajaa chini ya kanisa, watu arobaini na zaidi. Shuka ni langu. Shemasi Ruffin amekaa mbele, mikono juu ya tumbo. Nikasimama nikasema, "Nilichowaambia kuhusu mikebe kilikuwa uongo niliouamini. Mikebe ndiyo hii, fungueni macho." Mtu nyuma akasema, "Bibi ameanza kuchoka." Nikasema, "Nani kasema? Alvin Stokes? Nilikubadilisha nepi, Alvin, nyamaza." Kocha akawasha mashine, taa zikazimwa.

Picha haina sauti. Mvua unaiona kama mikwaruzo. Kamera iko juu ya paa la upande wa wakubwa, kwa hiyo inatazama upande wetu, sisi wa viti vya mbao, na timu yetu imesimama mbele ya viti hivyo. Kocha yuko pale pale kila picha, mikono kifuani. Sasa ukimtazama bila kelele za uwanjani unaona kitu kingine. Kila mtoto anayetoka uwanjani, kocha anamshika shingo, anamsemesha sikioni, anamrudisha. Mjukuu wa Ruffin alipoangusha ule mpira, wenzake wote walimpa kisogo. Kocha alitembea kwenye tope mpaka kwake, akamvalisha koti lake mwenyewe. Kisha akarudi kusimama na shati, mikono kifuani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, Hosea! Ndiyo maana ya mikono kifuani!

Shemasi Ruffin akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Lakini hayo siyo yaliyoniua. Nyuma ya kocha kuna viti vyetu. Mwanzo wa robo ya mwisho vimejaa miavuli. Tunaongoza ishirini kwa saba, mvua inazidi, na watu wanaanza kuinuka. Mmoja, watano, safu nzima. Mara naona kofia. Kofia yangu ya zambarau, mwenyewe chini yake, nimebeba beseni la kuku kifuani, nashuka ngazi mbiombio kuwahi gari la Curtis.

Vergie Tubbs akasema kwa sauti, "Si ni wewe huyo, Ozella?"

Ndiyo. Nilikuandikia kana kwamba niliona mpira ukianguka. Sikuona. Nilisikia redioni, garini, nimejifunika blanketi. Nilikudanganya, na nilijidanganya mpaka nikawa naukumbuka.

Kisha Alvin Stokes akapita kwenye shuka, gazeti juu ya kichwa. Kisha Shemasi mwenyewe. Kila mtu anajiona anakimbia. Kuna aliyeanza kucheka, sijui nani, kisha tukacheka wote, kile kicheko cha kulia. Mwishoni kabisa viti ni vitupu, pointi ishirini na moja zinawekwa ubaoni, na amebaki mtu mmoja anawahesabu watoto wakiingia ndani, kichwa kimoja kimoja, asimwache hata mmoja kwenye mvua.

Taa zikawashwa. Shemasi akasema, "Wanaotaka aondoke." Mikono minne. "Abaki." Sikuhesabu, Hosea, niliinua yote miwili na hakuna aliyenikataza.

Anabaki! Earline alikuwa mlangoni, akakaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa ile aproni. Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Jana nimekula sahani mbili, za kwanza tangu tarehe ishirini na mbili.

Sasa sikiliza kilichofuata. Watu wanashikana mikono, kocha anatazama saa. Akaniambia, "Bi Ozella, nisamehe, kuna mwenzangu ananingoja Tuckett Crossing. Maili arobaini." Ni kocha wa Chuo cha Lomax, tunaocheza nao wiki hii. Siku wanayompigia kura, naye ana mikebe ya kupeleka! Nikasema, "Naja. Nimelichafua jina lako wiki tatu, acha nikubebee mzigo." Nikaipakata mikebe mapajani.

Njiani akaniambia kweli alipata barua ya kazi kutoka kaskazini, majira ya machipuko yaliyopita. Hakumwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akasema, "Hawa wa mwaka wa nne niliwaendea majumbani kwao. Niliwaambia mama zao nitawafikisha." Kisha tukafika Tuckett Crossing.

Kocha wa Lomax ni kijana, macho mekundu. Wamefungwa mechi nne, maskini. Wakabadilishana, wakapeana mikono, wakatania kidogo. Nikageuka kutafuta pa kunyoosha goti. Ng'ambo ya barabara kuna gari la kijani limeegeshwa chini ya mti bila sababu. Ndani yake mama mtu mzima, kofia ya kanisani, ameegemeza pua kwenye kioo. Na mumewe anatazama kwingine kama Curtis.

Hosea, macho yale nayajua.

Nikavuka barabara. Nikagonga kioo. Akakiteremsha kidogo, upana wa kidole.

Nikasema, "Dada yangu wa Lomax, jina lako nani?"

Akasema, "Kwa nini?" Kisha akasema, "Maybelle."

"Maybelle, unamwona kocha wako anatoa mikebe kwa adui."

Akaachama. "Na wewe umeona?"

"Nimeona. Umeshamwambia mtu?"

Akamtazama mumewe. Akasema, "Mkutano ni Jumatano."

Nilifungua mlango wake nikamsukuma asogee, nikakaa. Nikamwambia, "Haya, Maybelle. Nina muda. Tuanzie kwenye gunia."

Nitakuona Sikukuu ya Shukrani. Njoo na Amos, ana akili kuliko anavyojionyesha.

Dada yako akupendaye,
Ozella